Gauni la Mwanasesere Lililoshonwa Kakoba

Wasichana wa hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, wameanza kunisimamisha njiani wakiuliza mtu anaanzaje kuvaa kama mwanasesere wa Kijapani. Wanataka kujua sketi inafurishwa na nini, macho yanakuzwaje, wigi la mikunjo linapatikana wapi. Nitawaambia yote, maana hakuna siri. Ila siwezi kueleza gauni bila kueleza safari niliyofunga kwenda kulitafuta Mbarara, na safari hiyo siisimulii kwa kujisifu.

Ilianzia sokoni, mahali ninaposukia watu nywele. Mteja mmoja alinionyesha video ya wasichana wa Japani wakitembea mtaani: sketi zimefura kama kikapu kilichopinduliwa, lesi kila mahali, soksi hadi magotini, utepe mkubwa kichwani, mashavu mekundu, macho makubwa kupita kiasi. Uzuri wa namna hiyo wenyewe wanauita kawaii. Nilichokipenda ni kwamba hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao, na wanavaa hivyo mchana kweupe kwenda kunywa chai. Mimi pia ni mtu mzima. Nimelima vibarua Rugaaga mpaka viganja vikawa vigumu, nimelea wadogo zangu, na sikuwahi kumiliki mwanasesere hata mmoja. Nilipoiona ile video nilitaka, basi. Sikujisumbua kujiuliza kwa nini.

Mama yangu alicheka mpaka akashika mbavu. "Unataka kuwa pupe? Na miguu hiyo ya kulima?" Pupe ndiyo mwanasesere kwa Kiswahili chetu cha Uvira, Kongo. Nilitegemea akatae, kwa sababu kanisani kwetu hata hereni zinaleta maneno. Lakini alipomaliza kucheka akasema, "Uende. Lakini usirudie peke yako. Uniletee mudogo yangu. Kule anabakia yeye moja na kaburi. Ile haiko maisha."

Mdogo wake ni mama yangu mdogo, fundi cherehani anayeishi Kakoba, Mbarara. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Riziki, rika langu. Mwaka jana Riziki aliugua ghafla akafa. Mama alikwenda kuzika, mimi nikabaki na wadogo. Aliporudi hakusimulia chochote, nami sikuuliza, nilidhani kutouliza ndiyo heshima. Tangu siku hiyo mama mdogo aliacha kushona, akaacha kwaya, na kila tukimwomba aje kuishi nasi alisema bado. Kwa hiyo nilitumwa mambo mawili, gauni na mtu, na mama alinieleza wazi lipi ndilo zito.

Alfajiri ya kuondoka, mfanyabiashara wa nyanya alinipa kiti cha mbele kwenye pikapu yake. Jua lilitukuta tunapanda vilima vya Isingiro, migomba pande zote, ng'ombe wenye pembe ndefu wakivuka barabara kwa madaha yao bila haraka. Mwenye gari, Mnyankole mnene mwenye maneno, aliniuliza naenda kufanya nini mjini. Nilipomwambia natafuta nguo za kufanana na mwanasesere, alinitazama, akatazama barabara, akanitazama tena. "Nyabo," akaniita, yaani bibie, "wewe si mgonjwa?" Nikamwambia sijambo. "Basi sawa. Kila mtu na mambo yake." Tulipofika Kabingo aliniletea gonja, ndizi ya kuchoma, nadhani kwa huruma.

Kakoba niliikuta kama inavyokuwa siku zote, boda boda zimejazana kwenye kona kama kuna mkutano, maduka madogo, kelele. Mama mdogo alikuwa mlangoni akichekecha unga wa muhogo, ndiyo biashara aliyobaki nayo. Alikuwa amekonda. Tulikumbatiana, akaniuliza habari za kila mtu kwa jina hadi za mbuzi, lakini macho yake yalikuwa mbali. Ndani cherehani ilikuwa imefunikwa kitenge, na juu ya kitenge kuna vumbi. Alinionyesha kitanda nitakacholala. Kilikuwa cha Riziki.

Siku ya kwanza hatukuzungumza sana. Nilijaribu habari ya Nakivale, akajibu, "Tutaona." Nikajaribu kwa njia ya kanisa, akainuka kwenda kuangalia jiko. Nilianza kuogopa kwamba nitarudi mikono mitupu.

Kesho yake, wakati wa chai, nilimwonyesha picha kwenye simu. Sikuwa na hila yoyote, nilitaka tu kumchekesha. Aliishika simu karibu na uso, akaikuza picha kwa vidole, akaitazama kifundi, mshono kwa mshono. "Na hii ni muntu?" akauliza. "Ni mtu, mama mudogo." Akacheka. Nawaambieni alicheka, sauti ikatoka. "Bajapani bako na wazimu. Lakini huyu fundi anajua kazi. Ona marinda haya." Akaitazama tena, kisha akasema, "Hii ninaweza kuishona."

Alikwenda kwenye cherehani akaondoa kile kitenge, akakikung'utia nje. Nilisimama na kikombe mkononi nisiamini. Akitia mafuta kwenye mashine alisema, bila kunitazama, "Tukimaliza hii robe, tutaenda pamoja kwa mama yako. Nimechoka na hii fasi." Gauni analiita robe, mahali anapaita fasi. Nilimtumia mama ujumbe papo hapo. Akajibu kwa kumshukuru Mungu mara nyingi kuliko nilivyoweza kusoma.

Sokoni tulikwenda wote wawili. Anayetaka kuanza asitafute gauni lililo tayari, hatalipata. Atafute kwenye mivumba, kama Waganda wanavyoita mitumba, na hasa kwenye mafungu ya mapazia na vitambaa vya meza, kwa sababu huko ndiko Wazungu wanakotupa lesi nzuri. Mama mdogo alivuta pazia la buluu lenye maua madogo. "Tukamate hii." Mimi nilikuwa nimeshaona jingine, jeupe kabisa, lililotariziwa pindoni, na ile lesi tunayoiita dantele ikizunguka pande zote.

"Hii nyeupe inachafuka mbio," alisema.

"Nitafua."

"Hii ya maua itakupendeza. Uko mutoto kijana, uvae maua."

"Lakini kwenye picha ni nyeupe, mama mudogo."

Nilidhani ni uzee, au ulokole. Nilishikilia langu, na mimi nikishikilia kitu sikiachi kirahisi, mama yangu atawaambia. Mama mdogo aliligusa lile pazia jeupe kidogo, akalikunja, akalitia mfukoni.

Siku hizo nilikwenda pia kwa Patience, msichana Mnyankole mwenye saluni nyuma ya kituo cha boda. Baba yake alikuwa askari, na jeshini Uganda huzungumzwa Kiswahili, ndiyo maana anakijua. Yeye ndiye aliyenifundisha uso. Nilifika nimenunua poda nyeupe pee, akaniondolea mkononi. "Wewe si Mjapani, bwana. Hii utakuwa kama umeanguka kwa unga. Tafuta poda ya rangi yako." Akanionyesha kupitisha penseli nyeupe ndani ya ukingo wa chini wa jicho ili jicho lionekane kubwa, kupaka wekundu juu, karibu chini ya macho kabisa, na kubandika kope za bandia chini kwenye kona za nje. Mwisho alinipa dawa ya jasho. "Hapa kuna joto. Maliza na poda ya watoto, kidogo, juu ya yote. Utakaa siku nzima." Wigi aliniazima lake, akalitengeneza mikunjo kwa maji ya moto.

Nyumbani gauni lilikuwa linakua. Sketi ya ndani, ile inayofurisha, tuliishona kwa chandarua kuukuu, tabaka juu ya tabaka, kila la chini lina marinda zaidi ya la juu. Mama mdogo alikuwa akiimba. Jirani yake Mrundi, Mama Kevine, alikuja mlangoni kusikiliza tu cherehani, akasema, "Asante Yezu, imerudi." Mimi nilijiona mtu wa maana sana.

Tulipofika kwenye mgongo wa gauni ndipo tulipogongana mara ya pili.

"Hapa nyuma tuweke zipu," alisema.

"Hapana, kwenye picha nyuma iko wazi, inafungwa na utepe. Tazama."

"Zipu ni muzuri. Unavaa weye moja, haulombi muntu akufunge."

"Bila utepe haitakuwa ile, mama mudogo. Watu watajua."

Watu gani, sijui. Hakuna mtu Mbarara nzima ambaye angejua. Akashika mkasi. Kisha akaupasua mgongo wa gauni kutoka shingoni hadi kiunoni kwa mkato mmoja, bila kupima, bila chaki, akaanza kupinda kingo na kushonea vitanzi vya utepe upesi upesi kama mtu anayetaka kumaliza. Nilishangaa. Nikamwambia kwa kumsifu, "Lo, mama mudogo, kama umeshawahi kushona hii!"

"Ndiyo," alisema.

Hilo ndilo neno ninalolisikia mpaka leo. Jibu lilikuwepo mezani, mimi nikalipita na kwenda kujaribu soksi.

Jumamosi mchana gauni lilikuwa tayari. Mama mdogo alikuwa nje akifua, maana tulikubaliana kuondoka Jumatatu na alitaka nguo zake zikauke. Niliingia chumbani nikajipamba mwenyewe. Poda ya rangi yangu, penseli, mashavu, poda ya watoto. Nikavaa sketi ya ndani, nikaingiza mikono kwenye gauni, nyuma likabaki wazi. Nikavaa glavu nyeupe na wigi. Mwisho kope. Patience alinionya kwamba gundi ya kope ikiwa mbichi usifumbue macho, yatashikana vibaya. Kwa hiyo nikajilaza kitandani chali, taratibu, wigi lisivurugike, nikafumba macho, nikaweka mikono kifuani glavu zisiguse kitu. Nikaita, "Mama mudogo, njoo unifunge!"

Nilisikia mlango. Kisha sikusikia kitu. Baadaye nilihisi pindo la gauni linavutwa chini, linafunika soksi vizuri. Dantele ya shingoni ikanyooshwa. Akanishika mikono, akaubadilisha wa kulia ukawa juu ya wa kushoto. Chumba chote kilinukia ile poda ya watoto. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kikakaa pale. Nilifurahi. Nilidhani ananipenda, na kweli alikuwa ananipenda. Nikatabasamu bila kufumbua macho, nikauliza, "Nimekuwa pupe sasa?"

Mlango ukafungwa.

Gundi ilipokauka niliinuka nikamtafuta, hakuwepo. Nilidhani ameenda dukani. Nikajifunika khanga mgongoni, nikaenda kwa Patience anifunge utepe. Langoni nilipishana na Mama Kevine, akaniona, akafanya ishara ya msalaba. Nikajisemea, hawa Wakatoliki nao, sketi tu.

Mjini nilipata kila nilichokitaka, sitawadanganya. Nilitembea wima katikati ya Mbarara kama mmoja wa wale wa video. Madereva wa boda waliacha abiria wao. "Nyabo, arusi iko wapi? Bwana arusi amekuacha kwa njia?" Mmoja aliapa kunibeba bure ili tu aonekane na mimi. Patience alinipiga picha mbele ya duka la keki, tukacheka mpaka poda ikapasuka. Huko ndiko nilikokuwa mama mdogo aliponihitaji.

Jioni kabla jua halijazama nilirudi. Mlango ulikuwa na kufuli. Nguo za mama mdogo zilikuwa zimeondolewa kwenye kamba zikiwa bado mbichi, zimerundikwa kwenye beseni. Mama Kevine alitoka kwake akanivuta ndani kwa mkono, akanikalisha.

"Mwana wangu, weye hukujua?" aliuliza. "Hakuna aliyekuambia Riziki alizikwa na nini?"

Akanisimulia. Msichana akifa kabla ya kuolewa, huko kwetu Kongo watu humsindikiza kama bibi arusi. Riziki alipokufa, mama yake hakukubali gauni la kununua. Alikaa kwenye cherehani akashona mwenyewe, jeupe, na dantele. Nyuma aliliacha wazi, la kufungwa na utepe. "Kwa sababu maiti haiinui mikono," alisema Mama Kevine. "Unaliingizia mbele, utepe unaufunga kidogo kidogo. Mimi nilikuwepo. Alimpaka poda ya watoto, akamvika glavu, mikono akaiweka hivi. Na kitanda ni kile kile."

Mtasema, wewe Mkongo gani usiyejua mila ya kwenu? Mimi nililetwa Nakivale nikibebwa mgongoni. Wafu niliowaona hapa walizikwa upesi, ndani ya blanketi, na watoto tulifukuzwa tusitazame. Sikujua. Lakini kutokujua hakukunisaidia kitu pale kwenye kiti cha Mama Kevine. Nilivua glavu, nikang'oa zile kope, nikajifuta uso kwa pindo la chandarua mpaka ngozi ikauma.

Mama mdogo alirudi giza linaingia, viatu vina udongo mwekundu wa makaburini. Nilipiga magoti mlangoni. Akaniinua.

"Nisamehe, mama mudogo. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unafurahi."

"Sasa juu ya nini ulikubali kushona?"

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akageuza gurudumu kidogo kwa kidole, mashine haina uzi. "Nilisema pengine mara hii, mwenye kuvaa atasimama," alisema. "Nilitaka nione hii robe imesimama, inatembea, inatoka ku mulango. Nilisema nikiona vile, moyo utapumuzika. Na kisha unaniita, ninaingia, ninakukuta umelala."

Nilimwambia nilisimama baadaye, nilitembea mji mzima, watu wote waliniona.

"Mimi sikuona," alisema.

Niliomba nilivae tena wakati huo huo, nisimame mbele yake, nizunguke, nitoke mlangoni na kurudi hata mara mia. Nililia nikiomba. Alinipangusa ile poda iliyobaki sikioni kwa kidole gumba. "Wacha, mutoto yangu. Haiko kosa yako. Lakini hii haifanywake mara mbili." Safari ya Nakivale hakuitaja tena, na nilipoitaja mimi alisema, "Usinisukume." Jumapili nilikuta kitenge kimerudi juu ya cherehani.

Jumatatu asubuhi alinisindikiza hadi barabarani. Gauni alikuwa amelifua na kulipiga pasi mwenyewe, dantele imenyooka, amelitia kwenye mfuko safi. Nilitaka kumwachia, akakataa. Aliniambia nimsalimie mama, na nisiache kula njiani. Gari lilipoondoka alikuwa bado amesimama pale, mikono imekunjwa, hakupunga.

Vilima vile vile, migomba ile ile, nikajilaumu kila kona. Laiti ningechukua la maua. Laiti ningekubali zipu. Laiti gundi ingekauka nimekaa, au ningemsubiri nyumbani badala ya kukimbilia mjini kuonwa na watu wasionihusu.

Nakivale nilifika adhuhuri. Mama alikuwa amesimama njiani na kitenge chake cha kanisani. Alitazama nyuma yangu, akatazama gari likiondoka, akachukua mfuko wangu. Nyumbani alikuwa amefagia chumba na kuazima godoro kwa jirani, ameshalitandikia shuka jipya. Alilitoa gauni mfukoni, akalitandaza juu ya lile godoro, akaligeuza. Alipoona utepe wa mgongoni alikaa chini.

"Alishona tena," alisema. "Mungu wangu. Mikono yake ilishona tena."

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema kosa ni lake, alipaswa kunisimulia maziko. Nami nikasema ni langu, nilipaswa kuuliza. Tulibishana hivyo mpaka chakula kikapoa.

Kwa hiyo mnaotaka kuanza, anzeni. Chandarua kuukuu kinafaa, mapazia ya mivumba yanafaa, poda iwe ya rangi yako, na Patience wa Kakoba ana moyo mzuri. Lakini fundi wako akisema tuweke maua, au tuweke zipu, msibishane naye kwa picha ya simu. Muulizeni ana nini na rangi nyeupe. Mimi nilimkuta mtu anarudi duniani taratibu, na nilikuwa nimetumwa kwa ajili yake. Nikashughulika na soksi.

Godoro mama hakulirudisha upesi. Alisema pengine mdogo wake atabadili mawazo, akaliacha na shuka lake, kila asubuhi analikung'uta. Kisha yule jirani mwenye godoro akapata wageni kutoka kambi ya Oruchinga, akaja kulichukua. Mama alilikunja shuka, nami nikamsaidia jirani kujitwika.